Ng'ombe wa Juu ya Bati

Kaka yetu mkubwa ndiye mtu wa kwanza katika mtaa wake wa Gitega kuweka paneli ya jua juu ya nyumba. Kama hujawahi kuambiwa hivyo, basi hujawahi kukutana naye. Aliwaambia majirani, aliwaambia wakwe, alimwambia hata padri aliyekuja kubariki nyumba. Mimi ni dada yake ninayemfuata, fundi cherehani, na chumba changu cha kazi kiko mtaa huohuo. Kwa hiyo nilikuwa nikiambiwa karibu kila siku, hata nikiwa nimebana pini mdomoni na siwezi kujibu.

Mtaa wenyewe ni wa pembezoni mwa mji, kule ambako nyumba zilikwenda mbio kuliko nyaya. Watu walijenga, wakahamia, wakatundika mapazia, ndipo wakaanza kusubiri umeme. Hata waliobahatika kuunganishwa waliendelea kuweka mshumaa karibu, maana umeme wetu ni kama shangazi wa mbali: hasemi anakuja lini wala anaondoka lini. Kwa hiyo wazo la paneli halikuwa la kijinga, na naomba nieleweke hapo. Jua lipo na halidai kitu. Ujinga ulikuwa wa mwenye paneli.

Nyumba yake ina paa la pande mbili. Upande wa nyuma unapata jua tangu asubuhi mpaka jioni. Upande wa mbele, unaotazama barabara, umefunikwa na mti wa parachichi wa jirani, na ikifika saa sita mchana kivuli kimekwisha kutambaa mpaka katikati ya bati. Hata kuku walilijua hilo. Joto likizidi walikuja kujilaza pale chini, mabawa wazi, wakishukuru kivuli. Kaka alisimama barabarani, mikono kiunoni, akalitazama paa lake kwa muda, halafu akamwonyesha fundi upande wa kuku.

"Kaka, nyuma ndiko kuna jua," nikamwambia.

"Na nyuma nani ataiona?" akaniuliza.

Hakuwa anatania. Ndiyo maana tangu siku ile sijamtafutia tena sababu za kumtetea.

Ikafungwa mbele. Akaajiri mlinzi, na kazi ya kwanza ya mlinzi kila asubuhi ilikuwa kupanda na kuifuta vumbi, saa ileile watu wanapopita kwenda kazini. Kaka naye alikaa barazani na kikombe chake cha chai, akiwasubiri waliotaka kuuliza na wasiotaka. "Hii si matumizi," alikuwa akisema. "Hii ni envestisma. Miaka minne, hela yangu yote iko imerudi. Baada ya hapo ni kula bure." Miaka minne ilikuwa ya majirani. Kwa wakwe ilikuwa mitatu, na siku alipotembelewa na mkubwa wake wa kazini niliisikia kwa masikio yangu ikishuka mpaka miwili. Nikajiuliza angekuja askofu ingekuwaje, pengine hela ingekuwa imerudi jana.

Ukweli ni kwamba paneli ile iliwasha taa mbili na kuchaji simu, basi. Wifi yangu, mke wake, aliendelea kupika kwa makaa na kupiga pasi kwa makaa, ila alihamishiwa nyuma ya nyumba, kwa sababu moshi wa mkaa mbele ya nyumba yenye sola ni aibu. Mama wa watu alikuwa anapiga pasi mashati ya mumewe amechuchumaa kati ya ukuta na choo. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile la kwetu lilivuma kwenye baraza la mbele.

Kisha ukaja upepo ule wa kabla ya mvua, na parachichi moja, kubwa, likaangukia paneli. Mlio niliusikia kutoka kwenye cherehani yangu. Nilipotoka nilimkuta kaka amesimama mbele ya nyumba na parachichi mkononi, akimwita jirani aje aone mti wake umefanya nini. Jirani alikuja, akalitazama paa, akalitazama parachichi, akasema kwa upole kwamba kama mzee halihitaji, basi amrudishie lake. Kaka alituambia sote kwamba ni mkwaruzo tu. Baada ya muda mfupi zikaja paneli nyingine, kubwa zaidi, na betri za kujaza chumba cha stoo. Eti ile ya kwanza ilikuwa imekuwa ndogo kwa hadhi ya nyumba. Zikafungwa palepale mbele, chini ya mti uleule.

Hapo sasa ndipo anapoingia mdogo wetu wa mwisho.

Sisi watatu tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na tuliporudi nchini kwetu baba alipata kipande chake cha ardhi Gashoho, mkoani Muyinga. Kaka na mimi tukafuata maisha Gitega. Mdogo wetu aliolewa Mwakiro, mumewe akafariki, wakwe wakaanza kumtazama yeye na watoto kama mzigo uliosahauliwa uwanjani, naye akarudi kwa baba. Alilima, akamtunza mzee mpaka mwisho. Baba alipokufa, akabaki pale pale. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kwake. Kwetu shamba la baba humfuata mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume tulikuwa naye mmoja tu.

Mwaka ulipotimia tukakusanyika Gashoho kumaliza matanga. Kilima kizima kilikuja. Kaka alifika na gari la kukodi, na nyuma ya gari kulikuwa na kitu kipana kimefungwa kitenge kipya, kimekazwa kamba kama bibi harusi anayeogopewa kutoroka. Baada ya sala na chakula akasimama. Suti, miwani, kikohozi cha kusafisha koo.

"Baba yetu alirudi kutoka Tanzania mikono mitupu," akasema. "Hakuwahi kufuga. Leo mimi, mtoto wake, naingiza ng'ombe katika boma hili. Mdogo wangu, nakupa ng'ombe asiyekula majani, asiyeumwa kupe, asiyehitaji mchungaji. Jua lenyewe ndilo linamlisha, na maziwa yake ni mwanga."

Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakaanza kubweka. Lazima nieleze kwa nini, kwa wale wasiotujua. Kwetu ng'ombe hatolewi hivi hivi kama kilo ya sukari. Ukipewa ng'ombe, siku moja unakwenda na pombe nyumbani kwa aliyekupa, unamshukuru mbele ya watu. Tunaita kuondoa majani. Ng'ombe akizaa, ndama mmoja hurudi kwa aliyetoa. Na katikati ya hayo yote, aliyetoa anabaki mkubwa wako, anaweza kukuuliza habari za ng'ombe wake wakati wowote, na wewe unajibu umesimama. Kaka alikuwa amempa mdogo wetu paneli iliyotumika, lakini aliitoa kwa maneno ya ng'ombe, mashahidi wakiwapo, na mwenye akili alijua amejipa nini yeye mwenyewe.

Yeye akaondoka kabla jua halijatua. Mimi nikabaki siku chache.

Asubuhi tulimwita jirani anayetengeneza redio. Akafungua kitenge, akaunganisha waya, akaunganisha betri na taa, akasubiri. Taa haikuwaka. Akageuza, akasafisha, akajaribu taa nyingine. Kwenye pembe moja kulikuwa na utepe wa rangi ya fedha umebandikwa vizuri sana. Akaubandua, na chini yake kulikuwa na alama ya kitu kizito kilichoanguka, na nyufa nyembamba zimesambaa kutoka hapo mpaka upande wa pili wa kioo. Maji ya mvua yalikuwa yamekwisha kuingia na kuozesha kila kitu ndani.

"Hii imekufa zamani," akasema mtu wa redio. "Hata kuzika mmechelewa."

Nilitukana. Sitayaandika niliyosema, lakini yalikuwa mengi na yote yalimhusu mtoto wa baba yangu. Nikamwambia mdogo wangu kwamba napanda gari leo leo, nafika Gitega, nasimama palepale barazani kwake saa watu wanapopita kwenda kazini.

"Dada, nyamaza," akanijibu. "Shamba hili lilikuwa la baba. Sasa baba ni yeye. Nikimwambia ng'ombe wake ni maiti, ataniuliza ninalima kwa nani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo amenipa ng'ombe. Nimepokea."

Akaichukua paneli, akafunika nayo paa la banda la kuku mahali palipokuwa panavuja. Mtu wa redio akaahidi kufunga mdomo, na kwa sifa yake, alifunga.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini aliyepewa ng'ombe lazima aondoe majani. Msimu uliofuata mdogo wangu alikuja Gitega kwa basi na dumu la pombe ya ndizi aliyokamua mwenyewe na kikapu cha maharage, maana mkono mtupu haulambwi. Kaka aliita mtaa. Viti vilitoka mpaka barabarani. Mdogo wangu akapiga magoti kwenye saruji, akapiga makofi mara mbili kama inavyotakiwa, akamshukuru kaka yake kwa ng'ombe.

"Anakamuliwa vizuri?" kaka akauliza kwa sauti ya kufika kwa jirani wa tatu.

"Anakamuliwa, kaka."

"Mwanga unatosha?"

"Unatosha."

"Mnasikia!" akawageukia watu. "Mi nilisema. Envestisma haina uongo."

Nilitoka nikaenda jikoni kabla sijafanya jambo. Wifi alikuwa anachochea mkaa. Alinitazama, akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, unisamehe. Kile kitu kilikufa siku ya parachichi. Fundi alimwambia mbele yangu. Akasema kutupa ni hasara."

Kwa hiyo alijua. Mpaka dakika ile nilikuwa nimemwachia ndugu yangu nafasi ndogo ya kuwa mjinga tu. Nikaiondoa. Alikuwa amempa dada yake mjane takataka iliyofungwa kitenge, kisha akakaa kitini akapokea pombe ya shukrani, na akainywa, na akaongeza. Nilimchukia, sina neno lingine, na nikarudi barazani nikaendelea kuwamiminia wageni.

Usiku ule mdogo wangu alilala kwangu. Aligeukia ukutani, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Dada," akasema, "watu wote sasa wanajua nina sola. Inabaki tu niwe nayo."

Akauza nguruwe na sehemu ya maharage, mimi nikaongeza kidogo, tukakutana sokoni Muyinga. Kule kuna Mkongomani, mtu wa Uvira, anauza sola, redio na mashine za kunyolea, vyote vimetandazwa kwenye turubai. Mdogo wangu alimzungusha asubuhi nzima. Kila paneli aliigeuza, akaikagua pembe zake nne, akakwaruza kwa kucha kutafuta utepe.

"Mama, we unatafuta nini?" Mkongomani akauliza. "Hii pano iko mupya. Mi sikudanganye, uliza batu bote ba hapa."

"Natafuta parachichi," nikamjibu mimi. Hakuelewa, na hatukumweleza.

Mdogo wangu alichagua moja ndogo, ya upana wa sinia la harusi, na betri yake, na mashine ya kunyolea. Kabla ya kutoa hela alimuuliza swali ambalo kaka amelijibu mara mia bila kuulizwa: hela hii itarudi lini?

Mkongomani akakuna kichwa. "Iyo mi sijue, mama. Jua iko ya Mungu, kichwa iko ya batu. Lakini nywele inaota kila siku, ata siku ya vita inaota."

Ni jibu la mtu mwaminifu. Tukanunua.

Mdogo wangu alipanda mwenyewe juu ya bati, akaifunga mahali penye jua, upande wa migomba, ambako haionekani na mtu yeyote ila mwewe. Akaweka kigoda nje ya mlango. Mwanzoni wanaume walicheka. Kunyolewa na mwanamke, tena mjane, wengine walisema ni mkosi. Wakaanza watoto wa shule, ambao walimu huwarudisha nyumbani nywele zikizidi. Mama zao wakaona kazi ni safi na ndevu za waume zao si safi. Baadaye Jumamosi na Jumapili ikawa foleni. Anayesubiri anachaji simu, na anayechaji simu analipa pia. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya mavuno ya pili ya maharage ile hela ilikuwa imerudi yote, nguruwe amenunuliwa mwingine, na hakuna hotuba hata moja iliyosomwa.

Ila kilima kizima kiliamini kwamba ile ndiyo paneli ya kaka. "Ng'ombe wa kaka yako ana maziwa," walimwambia, naye aliitikia. Habari zikafika Gitega. Kaka alikuja mpaka kwenye chumba changu cha kazi kuniambia. "Umesikia? Ng'ombe wangu anawalisha watu kule." Nilikuwa na pini mdomoni, na nilizishukuru.

Wakati huohuo zile paneli zake kubwa na betri zake zilikuwa zinakufa. Alizipa kazi ambayo hazikuumbiwa. Wageni wakija anawasha friji, anawasha televisheni, anamwambia wifi apige pasi ya umeme sebuleni ili waone. Wageni wakiondoka anazima friji na nyama inaanza kunuka. Betri zilichoka moja baada ya nyingine, na kivuli cha parachichi hakikuzisaidia. Mwisho nyumba yenye paneli nyingi kuliko zote mtaani ikawa inakaa na mshumaa, mapazia yamefungwa mapema ili isijulikane. Mlinzi bado alipanda kila asubuhi kufuta vumbi. Kuhusu miaka ya hela kurudi, sikusikia tena hata mmoja.

Jumamosi moja akaniambia, kama mtu anayezungumzia kwenda dukani, "Kesho naenda Gashoho. Ng'ombe amezaa vya kutosha. Nakwenda kuchukua ndama."

"Ndama gani?"

"Pano na betri. Nitamwachia mashine ya kunyolea na kiti. Amekula muda mrefu, dada. Envestisma lazima irudi kwa mwenyewe."

Ile paneli ndiyo ilikuwa unga, ada ya shule na chumvi ya mdogo wangu. Bila yenyewe alikuwa anabaki na jembe, kwenye shamba la kuazimwa. Sikubishana naye. Asubuhi nilipanda gari lake bila kualikwa, nikakaa nyuma na fundi aliyemchukua na ngazi iliyotokeza dirishani, na nikatazama kisogo chake njia nzima.

Tulifika watu wametoka misa. Uwanjani pale foleni ilikuwa ndefu, na kwenye kigoda alikaa mwanamume mmoja mnene, mfugaji wa jirani, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kaka alishusha kreti ya bia ili mambo yawe na heshima. Akasalimia, akaomba watu wakae, akasafisha koo.

Akarudia yote. Baba aliyerudi mikono mitupu, ng'ombe asiyekula majani, siku aliyomtoa mbele yao. "Nyinyi ni mashahidi," akasema. "Ng'ombe alikuja hapa, amekamuliwa, amelisha watoto. Na mila tunaijua. Aliyetoa naye anakumbukwa. Leo nimekuja na kamba." Wakati anasema hivyo fundi wake alikuwa amekwisha egemeza ngazi ukutani, na mguu wake mmoja uko juu.

Watu waliinamisha vichwa. Hakuna aliyependa, hilo nililiona, lakini maneno yalikuwa ya mila, na nani atabishana na mtu anayedai ndama wake?

Mdogo wangu alizima mashine. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Alikuwa na njia mbili, kunyamaza apoteze paneli au kusema apoteze shamba, na mimi sikuwa na ya tatu ya kumpa.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Kuna jambo nilikuficha."

"Sema tu, mdogo wangu," kaka akasema, mkarimu.

"Ng'ombe wako alikufa. Alikufa siku ileile aliyofika. Niliogopa kukuletea ngozi."

Kwetu, ng'ombe wa kupewa akifa, humwambii aliyekupa kwa mdomo mtupu. Unampelekea ngozi, aione, ajue hukuuza wala hukuchinja kwa siri. Ni heshima ya mwisho ya mnyama na ya mwenyewe, na kila aliyekuwa pale uwanjani aliijua tangu utotoni.

Mdogo wangu akaenda kwenye banda, akafukuza kuku, akaivuta ile paneli kutoka juu ya paa lao. Ilikuwa na vinyesi, na utepe wa fedha bado unaning'inia pembeni. Akaibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaiweka mbele ya viatu vya kaka.

"Ngozi hii hapa," akasema.

Mtu wa redio, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, akakohoa. "Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyempima. Alifika akiwa amepoa."

Nilimtazama kaka. Angesema nini? Kwamba hakujua? Utepe ulikuwa palepale, umekatwa vizuri kwa mkasi. Kwamba ni kioo tu, si ng'ombe? Ni yeye aliyekiita ng'ombe, mara mbili, mbele ya watu walewale.

Wa kwanza kuinuka alikuwa yule mfugaji mwenye nusu kichwa. Akatembea mpaka kwa kaka, akashika mkono wake kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa msibani kabisa.

"Pole sana, mzee," akasema. "Pole kwa ng'ombe."

Nyuma yake akainuka mwingine. "Pole. Mungu atakupa mwingine." Kisha kina mama, mmoja mmoja, wakiinama kidogo. "Poleni sana. Ng'ombe anauma." "Jikaze, mzee, wote tumepoteza." Foleni ya kunyolewa ikageuka foleni ya rambirambi, hakuna aliyecheka, hakuna aliyeharakisha, na kaka ilimbidi amjibu kila mmoja asante, asante sana, asante. Nilisubiri zamu yangu. Nilipofika nikamshika mkono, nikasema, "Pole, kaka," na nilisema kwa moyo wangu wote.

Walipokwisha akanyoosha kidole juu, kwenye migomba. "Na hiyo iliyo juu ya bati?"

"Hiyo ni yangu," mdogo wangu akasema.

"Nani alikununulia?"

"Mimi."

Alilisema neno hilo polepole, na akalirudia, "Mimi, kaka," kama anajaribu kiatu kipya. Tangu siku ya kwanza alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu. Machozi yalinitoka, nikajifanya ni vumbi. Fundi aliondoa mguu kwenye ngazi bila kuambiwa, akaenda kuifunga garini. Na kuhusu shamba, kaka alitazama zile nyuso, moja baada ya nyingine, na naamini aliona mwenyewe kwamba kumfukuza mtu kutoka kilima kile ingebidi awaulize kwanza.

Mdogo wangu akawasha mashine, akamaliza nusu ya pili ya mfugaji, akampangusa shingo, akapokea hela yake. Kisha akapuliza nywele kwenye kigoda na kugeuka.

"Kaa, kaka. Zako zimezidi."

Kila mtu alikuwa anatazama. Kukataa kungekuwa kukiri, na kukubali kulikuwa kukaa. Akavua miwani, akakaa. Mdogo wangu akamsukuma kichwa kwa vidole viwili, taratibu, mpaka kidevu kikagusa kifua, na mashine ikalia kutoka kisogoni mpaka kwenye paji la uso, bila kusita, mpaka mwisho. Hakufanya haraka wala hakumwonea. Alimnyoa vizuri, kama anavyowanyoa wote.

Kaka aliposimama alijipapasa kichwa, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti kubwa. Aliinyoosha juu kidogo ili ionekane, na nikaujua ule mkono. Ulikuwa mkono wa barazani, unaosubiri kuambiwa, hapana, kaka, wewe tena! Mdogo wangu akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akasema asante. Akafungua fundo la kanga yake, akahesabu, akampa chenji.